Walii Nitamtafuta Mwenyewe

"Huyo si wa porini," Fodil alininong'oneza, darubini bado iko machoni. "Huyo amefundishwa na mtu."

Mimi nilikuwa nimeshajua. Kipande cha mhajeb, chapati yetu ya kukunja, kilinigandia mkononi, kitunguu kinachuruzika kwenye kidole, na sikuweza hata kukipeleka mdomoni. Kutoka kwenye matete, karibu kabisa na kibanda cha mbao tulichokaa, mluzi ulipanda mara tatu kisha ukashuka taratibu. Marehemu baba yangu alikuwa akiupiga mluzi huo akipanda ngazi za jengo letu kule Belouizdad, mjini Algiers, ili mama akiusikia aweke kahawa jikoni. Baba tumemzika miaka sita sasa. Dunia nzima alibaki kiumbe mmoja tu anayeujua mluzi ule, naye ni Mandoli, chiriku wetu mwenye uso mwekundu. Na Mandoli asubuhi ile nilimwacha roshani nyumbani, ndani ya tundu lake, amefunikwa kitambaa.

"Wassila, mbona umebadilika rangi?"

"Huyo ndege ni wetu."

"Wenu kivipi?"

"Wa nyumbani. Na alipo Mandoli, kaka yangu yupo."

Fodil alishusha darubini. Mbele yetu ziwa la Réghaïa lilikuwa limejaa bata waliokimbia baridi ya Ulaya, na nyuma yao treni ya Ijumaa inapita pole pole. Tulikuwa tumekuja kuwaaga, kwa sababu wiki chache tena wangeanza kurudi kwao. Nilikuwa nimevaa kilemba kipya. Nilikuwa na furaha zangu. Sasa zote zikakauka.

Kaka yangu anaitwa Mouloud. Ni mkubwa wangu, na tangu baba afariki amejipa ubaba wa nyumba nzima. Asubuhi ile aliniambia anakwenda hamamu kabla ya sala ya Ijumaa. Mimi nilimwambia nakwenda kununua uzi wa dhahabu, maana kazi yangu ni kushona koti za mahameli za maharusi. Kwa hiyo tulikuwa tumedanganyana sawa sawa, kila mtu na begi lake.

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu ya huyu Fodil. Alikuja kwenye kibanda changu cha kushonea msimu uliopita na mkanda wa darubini uliokatika.

"Nashona koti za maharusi," nilimwambia. "Mikanda peleka kwa fundi viatu."

"Nishonee tu. Nikioa nitakuletea na kazi ya koti."

"Unafanya kazi gani wewe?"

"Fundi wa lifti."

Nilicheka mpaka sindano ikanidondoka. Fundi wa lifti, Algiers, mji ambao watu wanazaliwa na kuzeeka bila kuona lifti ya jengo lao ikipanda. Naye akacheka. Ijumaa zake huenda ziwani kujitolea, kuwaonyesha watoto wa shule ndege. Nikaushona ule mkanda kwa uzi wa dhahabu. Kama hujaelewa hapo nilikuwa nimeshafika wapi, basi hujawahi kupenda.

Shangazi yake alikuja kuniposa mara mbili, na sahani ya makrudi, vile vikeki vya tende, mkononi. Mara zote mbili Mouloud alimrudishia sahani haijafunuliwa.

"Huyo mtu wa mabata?" alisema mbele ya mama. "Mwanamke aliyeachika anatakiwa atulie. Mara ya kwanza watu walitupongeza, mara ya pili watatucheka. Mimi ndiye walii wake, mwenye kumwoza, na mimi nimekataa."

Basi. Turudi ziwani.

"Tutoke polepole," Fodil alisema. "Asituone."

"Nitoke kwa nini? Nimeiba nini?"

Nikachukua simu, nikampigia kaka. Simu ikalia ndani ya matete. Kundi la kukuziwa likaruka kwa kelele, mabawa yanapiga maji, na katikati ya ghasia zote hizo nikasikia sauti ya Mouloud, ya chini, ya mtu aliyejificha.

"Nini wewe?"

"Kaka, uko wapi?"

"Hamamu. Niko kwenye mvuke hapa, nitakupigia."

"Mbona nasikia bata?"

Akashusha sauti zaidi.

"Bata gani? Watoto hao, wanachezea maji."

"Watoto wa hamamu ya wanaume siku hizi wanalia kwaa kwaa?"

"Wassila, uko wapi?"

"Nanunua uzi."

"Mbona na mimi nasikia hao bata kwako?"

Nikafungua mlango wa kibanda, nikasimama nje mahali pa wazi. Matete yakatikisika, akatokea. Tope mpaka magotini. Wavu begani. Mkono mmoja umebeba tundu la Mandoli, mwingine umeshika simu sikioni, na alipotaka kuishusha ile simu haikushuka, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimejaa ulimbo wa kutegea ndege. Alivuta mara ya kwanza, mara ya pili, ikatoka na nywele kidogo.

"Uzi unauzwa Ijumaa?" alinguruma.

"Na hamamu yako ina matete?"

"Uko porini na mwanamume!"

"Niko kibandani, mlango wazi, na watu wanapita njiani na watoto wao. Wewe ndiye uliye porini."

Akamgeukia Fodil, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na mhajeb yangu mkononi.

"Na wewe huna aibu? Unamleta dada wa watu hapa kumwonyesha nini?"

"Bata wenye mdomo wa buluu," Fodil alijibu kwa adabu. "Wako wachache sana, ndugu Mouloud. Ulikuwa nao karibu kuliko sisi."

"Mimi si ndugu yako. Wassila, chukua begi lako, twende nyumbani."

"Siendi."

"Mimi ni kaka yako mkubwa."

"Najua. Ndiyo maana nasubiri uniambie Mandoli amefuata nini huku."

Sikuhitaji jibu. Nyuma yake, kwenye miiba iliyokauka, vijiti vilikuwa vimechomekwa vimepakwa ulimbo, na chini kulikuwa na kisanduku cha mbao. Nilikisogelea, nikafunua. Chiriku wa porini, wameshikana kwa uoga, wengine manyoya ya tumbo yamenata. Ndege wa baba yangu alikuwa akipiga mluzi wa kumkaribisha mtu nyumbani, na hawa walipokuja kuitikia, wakanaswa.

"Kumbe hii ndiyo heshima ya familia," nilisema. "Kila Ijumaa hamamu, hamamu. Hukumkataa Fodil kwa sababu nimeachika. Ulimkataa kwa sababu anakuja hapa. Uliogopa shemeji atakuona."

"Nyamaza."

"Ukanifungia mlango ili mtego wako usijulikane. Nikalia chumbani, mama akalia jikoni, na wewe ukakaa mezani unaongea habari za watu watasema nini."

Uso ulimwiva. Nafikiri angenijibu vibaya, lakini filimbi ya mlinzi wa hifadhi ilisikika upande wa njia. Ndege walioruka walikuwa wamemshtua. Mouloud alitazama wavu, akatazama tope, akaona hakuna pa kukimbilia. Hapo hapo sauti yake ikalainika ikawa ya mtu mwingine.

"Fodil, ndugu yangu."

"Dakika moja iliyopita sikuwa ndugu yako."

"Sasa umekuwa. Sikiliza. Wewe hapa unaaminika. Mwambie mlinzi nilikuwa nakusaidia, wavu tumeuokota. Neno moja tu. Kesho mlete shangazi yako na wazee, nitampokea na hizo makrudi, nitakaa na imamu na nitamwoza Wassila kwa mkono wangu huu."

Akanyoosha mkono, ulimbo unang'aa.

Nilimtazama Fodil. Nilitaka akatae papo hapo. Hakukataa. Nilimwona akifikiria, na hicho kiliniuma kuliko maneno yote ya kaka yangu.

"Wassila," alisema polepole, "ni kunyamaza tu. Tutakuwa tumeoana kabla ya Ramadhani. Bila yeye utapata wapi walii?"

"Ukinyamaza leo, nitakuwa nimeozwa kwa kisanduku cha ndege."

"Sikumaanisha..."

"Ndicho kilicho mezani, Fodil. Ananitoa ili aokoke." Nikamgeukia Mouloud. "Nilitaka unioze kwa sababu mimi ni dada yako. Si kwa sababu umebanwa."

"Acha kiburi," kaka alisema. "Ni nafasi yako ya mwisho."

"Basi imepita." Nikainua sauti nikaita njiani: "Mlinzi! Huku, kwenye miiba!"

Mlinzi alikuja anahema, mtu mzima mwenye koti la kijani. Aliona, hakuuliza mengi. Alichukua wavu, akang'oa vijiti, akachukua jina la Mouloud kwa ajili ya polisi. Fodil, bila kunitazama usoni, alipiga magoti, akaanza kuwasafisha wale chiriku kwa mafuta yaliyobaki kwenye karatasi ya mhajeb, mmoja mmoja, na kila aliyekuwa tayari akanikabidhi mimi. Nilifungua kiganja. Waliondoka bila kugeuka nyuma.

Mlinzi alipoligusa tundu la Mandoli, nilimzuia.

"Huyu ni wa marehemu baba yetu. Amezaliwa ndani. Ukimwachia huko nje hafiki jioni."

Alinitazama, akatazama ndege, akavuta kitambaa akalifunika tundu.

"Lililofunikwa sikuliona. Lirudi nyumbani, na lisionekane tena hapa."

Mouloud alipita karibu yangu akielekea kituo cha treni, viatu vinatoa maji.

"Umechagua," alisema. "Sasa tafuta walii. Labda bata mmoja atakubali kukusimamia."

"Nitamtafuta mwenyewe."

Fodil alitaka kunisindikiza, nikamkatalia. Nilipanda treni na tundu magotini. Mtaani kila mtu aliona Wassila binti wa Yamina amebeba tundu la kaka yake, ana tope kwenye gauni, na hashushi macho. Sikuyashusha. Mama alinifungulia mlango, nikamwambia yote kabla sijavua viatu.

Aliuliza kitu kimoja tu. "Na Mandoli aliupiga? Ule wa baba yako?"

"Aliupiga, mama."

Akakaa kwenye kiti cha jikoni, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Jioni ile Mouloud alihamia kwa mjomba. Simu yangu ikaanza kuingiza ujumbe wa Fodil.

*Wassila, nilikosea. Nilitaka njia fupi.*

*Njia fupi ndiyo aliyopita kaka na wavu wake.*

*Najua. Nilipoona unaita mlinzi nilijionea haya. Nitapita ndefu. Nitakuja kwenu mchana, mbele za watu, hata akinifukuza.*

*Kaka hayupo. Atakayekufukuza ni mimi.*

*Basi nitakuja unifukuze wewe.*

Alikuja kweli, ngazi zote hadi kwetu, lifti yetu ikiwa imekufa tangu enzi za Warumi. Alisimama mlangoni amekatika pumzi, hana sahani, hana shangazi.

"Sitaki mtu anayenipima kwenye mizani," nilimwambia hapo hapo, majirani wanasikia.

"Nilipima mara moja. Nikaona nilichokaribia kupoteza. Sipimi tena."

"Na walii?"

"Sina jibu."

"Mimi ninalo. Ingia, mama ameweka kahawa."

Kwa sheria ya kwetu, mwanamke mtu mzima huja kuandikisha ndoa na walii wake: baba, ndugu, au mtu yeyote atakayemchagua mwenyewe. Wanawake wengi wanaijua na hawaigusi, kwa sababu ya mtaa. Mimi niliigusa. Nilimpigia simu Haji Slimane kule Blida.

Haji Slimane ni baba wa mwanamume aliyeniacha. Mwanawe alikwenda Marseille kutembea, akabaki huko, na talaka yangu ikaja kupitia wakili. Tangu hapo, kila Idi Kubwa, mzee yule hupanda ngazi zetu na paja la kondoo. Mouloud alikuwa akinuna. Haji humwambia mama maneno yale yale: "Aliyemwacha ni yule. Mimi sikumwacha binti yangu."

"Haji, ninaolewa," nilimwambia.

"Alhamdulillahi. Na nani?"

"Fundi wa lifti."

"Wa Algiers hapo? Basi ana subira."

"Nataka uwe walii wangu."

Nilimsikia akivuta kiti, akakaa.

"Binti yangu, mimi ni mkwe wako wa zamani. Watu watasema nini?"

"Watasema baba wa aliyeniacha amesimama mbele ya imamu kuniombea heri. Waseme hivyo, Haji. Nataka waliseme hilo mpaka wachoke."

Alikohoa. Nikajua analia.

"Nitajie siku," alisema. "Nitavaa joho langu jeupe la sufu."

Tuliandikisha kwanza serikalini, jina la Haji likaandikwa mahali pa walii. Siku ya Fatiha, dua ya kufunga ndoa mbele ya imamu, wanaume walijaa sebuleni, wanawake tukawa nyuma ya pazia la ukumbini. Nilivaa koti la mahameli nililojishonea mwenyewe, jekundu la damu, na uzi wa dhahabu kifuani haukuwa wa kubana matumizi. Mama aliketi mlango wa jikoni. Tundu la Mandoli lilikuwa ukutani, limefunikwa.

"Walii wa bibi harusi ni nani?" imamu aliuliza.

"Mimi," alisema Haji Slimane.

"Una undugu gani naye?"

"Alikuwa mke wa mwanangu."

Sebule ikavuma. Haji akasubiri ivume mpaka iishe.

"Mwanangu ndiye aliyeshindwa. Huyu hakushindwa na lolote. Nimetoka Blida kuja kulisema hilo mbele ya mtaa wake. Mwenye neno alitoe sasa nikiwa nimekaa hapa."

Hakuna aliyelitoa. Ila mlango ulifunguliwa, na Mouloud akaingia. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa suti ya harusi ya binamu yetu. Imamu akamwona, akashusha pumzi ya nafuu.

"Kaka amefika. Yeye ndiye mwenye haki. Haji, tumpishe."

"Naam," Mouloud alisema. "Niachieni nafasi yangu."

Haji alianza kuinuka. Mimi nikavuta pazia, nikaingia sebuleni, katikati ya wanaume wote wale. Bibi harusi haingii huko. Niliingia.

"Haji, kaa tafadhali."

"Binti," imamu alisema, "huyu ni damu yako."

"Ni damu yangu, Sheikh, na nyumba hii ni yake, atakula na atakunywa. Lakini nafasi hiyo aliiacha ziwani kwa hiari yake, na wapo watu waliosikia. Nilisema nitatafuta walii. Nimempata. Haji hainuki."

Mouloud alinitazama. Nilijua macho yale. Ndiyo aliyokuwa nayo tukiwa wadogo nikimshinda mbio ngazini. Aligeuka kuelekea mlangoni. Mkono wake ulikuwa umeshashika kitasa.

Na Mandoli, chini ya kitambaa chake, labda kwa sababu sebule ilikuwa imenyamaza, akapiga mluzi. Ukapanda mara tatu, kisha ukashuka taratibu.

Mama akainuka. Hakufikiri, hakumtazama mtu. Aliingia jikoni, na sote tulimsikia akijaza maji, akiwasha moto, akiweka kahawa. Aliporudi mlangoni akakuta tunamwangalia, ndipo akagundua alichofanya, akaziba mdomo kwa mkono.

Mouloud aliachia kitasa. Mabega yakamtikisika. Nilikuwa sijawahi kumwona kaka yangu akilia, hata siku ya maziko.

"Mashahidi wametimia?" aliuliza, bado ametupa mgongo.

"Mmoja bado," Fodil alijibu haraka kabla mtu mwingine hajasema.

Kaka akageuka, akaniuliza mimi, si imamu. "Naweza?"

"Ushahidi unaweza. Kaa pale, kando ya Haji."

Akakaa. Fatiha ikasomwa, viganja vimefunguliwa, na vya Mouloud vilikuwa na mabaka mekundu pale alipousugua ulimbo. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka Mandoli akakasirika.

Baadaye, watu wakiwa kwenye kahawa na makrudi, safari hii sahani zimefunuliwa zote, Mouloud alinifuata roshani.

"Hujanisamehe," alisema.

"Bado. Nimekukaribisha kwanza."

Alikubali kwa kichwa. Akatazama chini mtaani, akatafuta pa kuanzia.

"Ijumaa mtakuwa wapi?"

"Ziwani. Bata wanaondoka."

"Naweza kuja?"

"Njoo mikono mitupu. Na mtaani wakikuuliza unakwenda wapi, waambie unakwenda ziwani na dada yako na mumewe. Uwaambie kwa sauti, kaka, hapo mlangoni, kama nitakavyowaambia mimi."